Jasho la mizizi: unalikusanyaje bila kujidanganya

Shikamooni wazee wangu, habari zenu mama zangu, na wadogo zangu wa chuo mambo vipi. Asanteni kwa kuniita.

Kabla sijasema chochote naomba muangalie hizi sahani tatu hapa mezani, za plastiki, zina mifuniko, nimeziandika A, B na C kwa maka peni. Nimezizungushia tepu pande zote na naombeni sana mtu yeyote asizifungue, kwa sababu ndani mna mbegu za kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Mmeshtuka eeh. Najua mmeshtuka, mtu wa kanda hii akisikia kiduha lazima ashtuke. Tukimaliza zitarudi na mimi maabara, zitaingia kwenye presha kuka mpaka zife zote, hakuna mbegu hata moja itakayobaki hapa. Ila kwanza zina kazi ya kutufanyia.

Mimi nimekulia kwenye mtama. Mama yangu alikuwa na shamba la mtama, na kila mwaka ukifika muda wa mtama kuinuka tunaona majani yanajikunja, yana njano, mtu anasema ni jua, mwingine anasema ni udongo umechoka, halafu baada ya wiki kadhaa yanatokeza yale maua ya zambarau chini ya shina, mazuri kabisa, na hapo ndipo mama anakaa kimya. Kwa sababu kiduha ukikiona juu ya ardhi ujue chini kimeshakula siku nyingi. Tulikuwa tunang'oa, tunajaza debe, tunachoma, na mwaka unaofuata kiko palepale. Mmea mmoja wa kiduha unatoa mbegu kwa makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi la unga, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi zikiwa hai. Mvua ikinyesha zinalowa tu, haziamki. Zinasubiri mzizi wa mtama au wa mahindi upite karibu, na nikisema karibu ni karibu kweli, milimita chache tu, kwa sababu ule mzizi mdogo unaotoka kwenye mbegu ya kiduha hauna chakula cha kwendea mbali, usipomfikia mwenyeji wake ndani ya siku chache unakufa.

Sasa hiyo mbegu iko gizani, haina macho, imejuaje kwamba mzizi umefika? Mzizi unatoa kitu. Na swali langu la leo, ambalo nimelifanyia kazi miaka mingi na bado nalipenda, ni hili: hicho kitu unakikamataje? Maana ni rahisi kusema mizizi inatoa kemikali, kazi ni kuionyesha.

Hivi vitu mizizi inavyotema mimi naviita jasho la mizizi, wenzangu wengine hawalipendi hilo jina, lakini mkulima akilisikia anaelewa hapohapo. Ndani ya hilo jasho mna sukari, mna amino asidi, mna asidi kama ile ya limau, mna flavonoidi, kemikali ambazo mmea unazitumia kama ishara, mna ule ute unaoteleza ukishika ncha ya mzizi mchanga wa mahindi. Siyo vitu vya kupotea bahati mbaya. Kaboni ambayo jani limeihangaikia juani, sehemu yake, na makadirio mengi yanaangukia kati ya asilimia 5 na 20, inaishia kumwagwa udongoni na mizizi. Mjerumani mmoja Lorenz Hiltner ndiye aliyeupa jina ule udongo unaouzunguka mzizi, mwaka 1904, akauita rizosfia, akasema maisha ya pale ni tofauti na ya udongo mwingine. Maharage yanatema flavonoidi kuwaita wale bakteria wa vinundu. Shayiri ikikosa chuma inatema asidi zake maalum zikakibebe chuma kilichogandana na udongo, hilo waligundua Wajapani. Kila mmea na mambo yake.

Ila hilo jasho linakataa kushikwa. Kwanza ni kidogo mno. Pili udongo wenyewe unaling'ang'ania, asidi nyingine zikigusa chembe za udongo zinanata palepale, ukija kuosha huzipati. Tatu bakteria, hao ndio wenye njaa kuliko wote, sukari nyepesi ikitua kwenye udongo wenye uhai inaliwa ndani ya saa chache, mara nyingine hata saa moja haifiki. Nne, mzizi wenyewe unakunywa tena sehemu ya ulichotema. Yaani ukipima ulichokuta, umepima kilichobaki baada ya wote hao kula. Na tano, ambayo ndiyo imetudanganya wengi, mzizi ukikatika unavuja. Kinachovuja siyo jasho, ni damu, ni vya ndani ya seli, na mashine haijui tofauti, itakuandikia vyote kwa pamoja.

Hapa niwaambie kilichonipata. Nikiwa mwanafunzi nilikuza miche ya mtama kwenye mchanga, siku ya kukusanya nikang'oa, nikaikung'uta, nikaosha kwenye bomba, nikaiweka kwenye maji safi kwa siku nzima, nikapata amino asidi nyingi ajabu, nikafurahi, nikachora grafu. Nilikaa na zile grafu miezi miwili naziamini. Halafu fundi wa maabara, mzee mtulivu sana, akaniuliza mizizi yako uliiangalia kwenye hadubini? Sikuwa nimeiangalia. Tukaitia rangi ile bluu inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, seli hai zinaikataa, na mizizi yangu ikatoka bluu kila ilipokunjwa na kila ncha iliyokatika. Miezi miwili nilikuwa nasoma majeraha. Tangu siku hiyo sikusanyi sampuli bila kutia rangi mche mmoja pembeni, na mwanafunzi wangu yeyote asiyefanya hivyo namrudisha aanze upya, anisamehe tu.

Basi njia iliyozoeleka ni ya maji. Unakuza mmea kwenye maji yenye virutubisho, au kwenye mchanga uliooshwa, au vile vishanga vya glasi, siku ya kazi unauhamishia kwenye chombo kisafi chenye maji safi, mizizi yote imezama na shina liko juu kwenye mwanga, unasubiri, unautoa, yale maji ndiyo sampuli yako. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Lakini hebu angalia maamuzi yaliyojificha hapo. Ukitumia maji matupu kabisa yasiyo na chumvi yoyote, seli zinapata mshtuko na kuanza kuvuja, ndiyo maana wengi tunaweka kalsiamu kloraidi kidogo sana. Ukiuacha muda mrefu bakteria wanakula na mzizi unarudisha, kwa hiyo saa mbili mpaka nne zinatosha. Na saa ngapi za siku? Ile shayiri niliyoitaja inatema kwa wingi asubuhi, saa chache baada ya jua kutoka, ukienda mchana baada ya kula utaondoka na chombo karibu kitupu halafu uandike kwamba shayiri haitemi. Ukishakusanya unachuja hapohapo kwa filta ya maikroni 0.2 kuwaondoa bakteria, unagandisha hapohapo. Hapohapo maana yake hapohapo, siyo unaweka friji mpaka kesho kwa sababu umeme umerudi usiku, friji inawapunguza tu kasi. Na mwisho kabisa unakausha na kupima mizizi yenyewe, maana mche wenye mizizi mara tatu ya mwenzake utatoa zaidi hata kama haujajitahidi.

Halafu kuna swali ambalo hakuna namna ya kulikwepa: mmea uliokulia kwenye maji ni mmea uleule wa shambani? Siyo. Haujawahi kusukumana na udongo, vinyweleo vyake ni tofauti, hauna jirani. Ndiyo maana wengine wanakuza kwenye udongo wa kweli, wanachimbua taratibu, wanaosha kwa upole, wanaupa mmea muda upone kwenye maji kwanza, ndipo wanakusanya. Wengine wanakuza kwenye kisanduku chembamba chenye ukuta wa kioo uliolazwa kidogo, mizizi inateremka ikiegemea kioo, wanabandika karatasi ndogo ya filta kwenye ncha ya mzizi mmoja, wanachukua jasho la sehemu ya sentimita moja tu. Wengine wanachomeka vijiti vyembamba vyenye vitundu wanafyonza maji ya udongo kwa sirinji, hapo unapata kilichobaki baada ya bakteria kushiba. Wengine wanaupa mmea hewa ya kaboni iliyowekwa alama, kaboni 13 au 14, wanaifuata inavyoshuka kutoka kwenye jani mpaka udongoni, hiyo inakwambia kiasi gani kimeshuka ila haikwambii ni kitu gani. Mimi sina ugomvi na njia yoyote kati ya hizi, nina ugomvi na mtu anayetumia moja halafu anaongea kana kwamba ametumia zote.

Kwa wadogo zangu walimu mnaotaka kitu cha kuonyesha darasani, chukueni agari, ile jeli ya maabara, yenye rangi ya bromokresoli zambarau, laza mche wa maharage au dengu juu yake, usubiri saa chache. Mzizi ukitema asidi, zambarau inageuka njano kuuzunguka mzizi. Mara ya kwanza nilipoiona nilimuita mlinzi aje aone.

Sasa turudi kwenye kiduha, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Kiduha cha maua mekundu kiligunduliwa Marekani mwaka 1956, kule Carolina, wakaingiwa na hofu kubwa, wakaweka watafiti. Na mwaka 1966 wakafanikiwa kutenga kile kitu kinachoamsha mbegu, wakakiita strigoli. Wamekipata kwenye mizizi ya nini? Mnadhani mtama, mnadhani mahindi. Walikipata kwenye jasho la mizizi ya pamba. Pamba, wazee wangu, ambayo kiduha hakiwezi kuila hata kidogo! Mbegu inasikia mwito, inaamka, inatoa mzizi wake, inafika pale haiwezi kuingia, inakufa. Wazee wa Usukuma waliokuwa wanabadilishana pamba na mtama kwenye shamba moja walikuwa wanapunguza akiba ya kiduha ardhini bila kuhitaji jina la kemikali. Wataalam wanaita kuotesha kwa kujiua.

Umbo lenyewe la strigoli lilikuja kujulikana sawasawa mwaka 1972, kwa sababu kiasi chake ni kidogo kupita maelezo na kwenye maji haikai, inavunjika. Na swali likabaki miaka karibu arobaini, kwa nini mmea umwite adui yake? Jibu likaja 2005 kutoka Japani. Mmea ulikuwa hauiti kiduha. Ulikuwa unaita ukungu ule mzuri wa mikoriza unaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi, strigolaktoni, yaani strigoli na ndugu zake, zinaufanya ule ukungu utoe matawi uelekee kwenye mzizi. Kiduha kinadukua mazungumzo ya watu wengine. Mwaka 2008 tena ikaonekana kwamba hizohizo ni homoni ndani ya mmea, zinazuia shina lisitoe matawi hovyo. Na mmea ukikosa fosforasi unaita zaidi. Ndiyo maana shamba lililochoka linaliwa na kiduha kuliko shamba lenye mboji na mbolea, na ndiyo maana pia wewe mtafiti ukikuza mche wako kwenye virutubisho vilivyojaa fosforasi utasema hautemi chochote, kumbe umeushibisha ukanyamaza.

Mnaona walivyogundua? Kabla ya mashine walikuwa na mbegu. Walikuwa wanagawanya lile jasho mafungu mafungu, kila fungu wanalidondoshea mbegu za kiduha, fungu linaloamsha wanaligawanya tena, lisiloamsha wanaweka pembeni, mpaka wanabaki na kitu kimoja. Mbegu ya kiduha inasikia strigolaktoni kwa viwango ambavyo mashine nyingi zinahangaika kuvifikia. Mashine kubwa za kutenganisha molekuli na kupima uzito wake ni nzuri, nimezitumia, ukitaka kujua ni strigolaktoni ipi hasa huna pa kwenda zaidi ya huko. Lakini vyuo vyetu vingi havina, na mwanafunzi anaambiwa asubiri sampuli zipelekwe nje ya nchi, anasubiri mwaka. Nataka mtu aliyekaa nyuma kule anisikie: kipimo kimojawapo chenye hisia kali kuliko vyote cha jasho la mizizi kiko kwenye mashamba yenu, bure, kwa bahati mbaya.

Tunafanya hivi. Mbegu tunazisafisha kwa Jik iliyopunguzwa, dakika chache, tunasuuza mara nyingi. Tunakata karatasi ya filta ya nyuzi za glasi kwa ile panchi ya ofisini, vinatoka vidude vya duara, juu ya kila kimoja tunanyunyiza mbegu thelathini mpaka hamsini hivi, tunalowesha, tunafunga kwa foili ziwe gizani, joto kama nyuzi 30, siku kumi mpaka kumi na nne. Usiruke hapo. Mbegu isiyolowekwa kwanza haijibu, hata uimwagie nini. Ndipo unadondosha tone la jasho lako, tone dogo la pipeti, unafunga tena, siku mbili unafungua chini ya hadubini. Mbegu ni ya kahawia, ina mistari mistari kama ganda la embe lililokauka, na ile iliyoamka ina uzi mweupe umechomoza upande mmoja, mwembamba, unang'aa. Unahesabu zenye uzi na zisizo na uzi. Na lazima kila siku uwe na sahani ya maji matupu, ambayo isiote kitu, na sahani ya GR24, ile strigolaktoni ya kutengenezwa maabara, ambayo iote vizuri. Maji yakiota, umechafua. GR24 ikigoma, mbegu zako zimekufa. Na anayehesabu asijue ni sahani ipi, maana jicho linapenda kumpa mwenyewe anachokitaka.

Njia nyingine naipenda hata zaidi kwa sababu kipimo chake ni rula. Gebisa Ejeta, Muethiopia, mtoto wa kijijini aliyefika chuo cha Purdue kule Marekani na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani, yeye na wenzake mwaka 1992 walieleza namna ya kuchanganya mbegu za kiduha zilizokwisha kulowekwa ndani ya agari laini, unachomeka mtama ulioota tu leo, mzizi wake unapita katikati ya agari, baada ya siku tatu unageuza sahani na kuangalia kwa chini. Zile karibu na mzizi zimeota. Unapima mbegu iliyo mbali kuliko zote iliyoota iko milimita ngapi. Chini ya milimita kumi, huo mtama unaita kwa sauti ndogo. Kwa rula tu wakachambua mtama, na huko ndiko zilikotokea mbegu ambazo hapa Tanzania tunaziita Hakika na Wahi. Mwaka 2017 ndipo ikaelezwa vizuri siri yenyewe, kwamba mitama ya aina hiyo imebadilisha strigolaktoni yake kuwa nyingine, orobankoli, ambayo kiduha hakiisikii sana.

Na majirani zetu wa Mbita, ng'ambo ya ziwa upande wa Kenya, kituo cha icipe, wale watafiti wa wadudu. Walikuwa wanapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi kwa ajili ya kufukuza funza wa mabua, ile njia inayoitwa vuta sukuma, wakashangaa kiduha nacho kinapotea. Mtu mwingine angesema ni kivuli, au ni nitrojeni ya kunde. Wao walitenganisha. Wakaweka sufuria za desmodiamu, maji yaliyopita kwenye mizizi yake yakaenda kumwagilia mahindi yaliyopandwa kwenye udongo wenye kiduha, bila kivuli chochote, na kiduha kikapungua palepale. Sufuria, udongo na maji yanayodondoka. Baadaye wakemia wakakuta humo vitu vya aina mbili, vingine vinaamsha mbegu na vingine vinauzuia ule uzi mweupe usifike kwenye mzizi wa mahindi. Mimi nikisoma lile jaribio la sufuria huwa nasimama, kwa jinsi swali lilivyoulizwa sawasawa.

Kuna mama alinyoosha mkono hapa akaniuliza, basi si tuchemshe mizizi ya pamba tumwage shambani? Mama swali lako ni zuri na watu wamelifikiria, ila ukichemsha unapata vya ndani ya mzizi, siyo jasho, na strigoli yenyewe kwenye maji inavunjika haraka. Kinachofanyika ni kutengeneza zinazofanana nayo, rahisi na zinazodumu kidogo, na zimejaribiwa kwenye mashamba ya Burkina Faso yenye kiduha chenyewe, zinamwagwa kukiwa na unyevu na hakuna zao, kiduha kikaamka kikafa, na kilichotokeza msimu ule kikapungua. Dukani bado. Leo hii mama, pamba, soya au desmodiamu ndiyo dawa uliyo nayo mkononi, zenyewe zinamwaga jasho lake shambani kila siku.

Basi. Hizi sahani nilizitia matone juzi alasiri. Moja ina maji, moja ina jasho la mtama wa kawaida wa huku kwetu, moja ina jasho la Hakika. Ipi ni ipi siwaambii, nimeandika kwenye karatasi iko ndani ya bahasha hii, anayo mwenyekiti. Hadubini iko pale dirishani, nimeshaiweka sawa, msiguse ile skrubu kubwa. Kila mmoja ahesabu kwenye sahani zote tatu aandike namba zake kwenye daftari bila kuonyesha jirani, tuanze na mama aliyeuliza.